Mkono wa Nicanor Tavárez Uliogoma Kushuka

Jongeeni, watu wa mitaa ya juu na watu wa mitaa ya mtoni! Zimeni redio, mnaokaanga ndizi epueni karai, wenye ugomvi uahirisheni kidogo, kwani leo inasimuliwa habari ya Nicanor Tavárez, kinyozi mstaafu wa Villa Cayetana, mwana wa Doña Providencia mshona mapazia, bwana wa mkasi na amiri wa wembe, aliyesimama peke yake mbele ya jeshi zima la meya, akapigana nalo kwa silaha moja tu, nayo ni mkono wake wa kulia, ambao hata mzima haukuwa.

Na ijulikane mapema kwamba shujaa huyu hakuzaliwa shujaa. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu hapana. Aliwahi kuuziwa jogoo kipofu, akashukuru. Kila msimu wa uchaguzi alipewa kofia nyekundu ya chama kimoja asubuhi na kofia ya zambarau ya chama kingine jioni, naye akazivaa zote mbili, moja juu ya nyingine, asije akamuudhi mtu. Mkewe Mireya, mwenye ulimi uliokuwa mkali kushinda nyembe zote za mumewe, alizoea kumwambia, "Wewe Nicanor, hata ukipewa kahawa iliyoungua unamwambia muuzaji imekolea vizuri."

Basi ikawadia Alhamisi, siku ya mkutano wa hadhara katika ukumbi wa baraza la mji. Joto lilikuwa limewashukia wana wa Cayetana kama blanketi lililochovywa maji ya moto, na mlangoni kila aingiaye alikabidhiwa pepeo la karatasi lenye picha ya meya akitabasamu, hata ukumbi mzima ukawa unapepewa na nyuso za kiongozi mmoja, zikienda kushoto na kulia, na hewa isipoe hata chembe.

Ndipo aliposimama yeye mwenyewe, Meya Leovigildo Matos, mkata utepe asiyechoka, mzinduzi wa mabomba makavu, mwenye sauti ya shaba na shati lisilolowa jasho.

"Wananchi wenzangu watukufu!" akanguruma. "Historia inabisha hodi! Ile bustani ya Las Mercedes, yenye mabenchi yaliyochakaa na miti inayochafua njia kwa maua yake, tutaisafisha, tutaimwagia saruji, iwe maegesho ya magari ya waheshimiwa madiwani. Na kwa nini? Ili waheshimiwa wawe karibu zaidi na ninyi wananchi!"

"Karibu kiasi gani?" Mireya akanong'ona. "Watuegeshee migongoni?"

Makofi yakapigwa, kwa kuwa nyuma ya ukumbi sufuria la supu ya sancocho lilikuwa limeshaanza kunukia, na kila mtu alijua kwamba supu haipakuliwi kabla ya hoja kupita.

Sasa sikieni namna walivyopiga kura katika mji ule. Meya alisema, "Wanaoafiki wakae kama walivyokaa. Wanaopinga wanyooshe mkono." Kwa utaratibu huo Villa Cayetana ilikuwa imekubali mambo makubwa mno. Aliyesinzia alihesabiwa kuwa ameafiki. Aliyetoka kununua barafu alihesabiwa. Wakati mmoja mbwa aliyelala chini ya meza ya madiwani alihesabiwa pia, na hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa mbwa alikuwa ametulia na mwenye heshima kuliko madiwani wenyewe.

Nicanor aliketi safu ya tatu, kando ya swahiba wake Fello, mwenzake wa domino, baba wa ubatizo wa bintiye. Naye alikuwa anafikiria bustani. Alifikiria zile nyakati umeme unapokatika mtaa mzima, nyumba zikageuka tanuri, na watu wakatoka na mito na mikeka kwenda kwenye upepo wa Las Mercedes. Alimfikiria mjukuu wake Yaritza, mwenye pumu, anayekohoa ndani mpaka midomo ikabadilika rangi, lakini akilazwa kwenye benchi lile chini ya miti inayochafua njia, pumzi hurudi, taratibu, na usingizi ukaja nyuma yake. Akajaribu kumwona akilini Yaritza amelala kwenye saruji, kati ya magari mawili ya waheshimiwa.

Ndipo, ee wana wa Cayetana, mkono ukapanda!

Ulipanda kama bendera ya kikosi kilichodhaniwa kimekwisha kuzikwa. Ulipita usawa wa kidevu, ukapita sikio, ukasimama wima juu ya vichwa vya watu, kidole cha shahada kikielekea dari. Mapepeo yakakoma. Nyuso zote za meya zikatulia zikitabasamu.

"Mzee Nicanor," meya akasema kwa upole, "choo kiko nje, mlango wa kushoto."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Siendi chooni," Nicanor akasema, na sauti yake ikamshangaza yeye mwenyewe. "Napinga."

"Unapinga nini?"

"Hilo."

Kicheko kikafa. Na hapo ndipo hofu, adui mkongwe wa mashujaa wote, ilipomwingia. Akaona ni kosa. Akataka kuushusha mkono, aombe radhi, aketi. Lakini bega lile, lililobeba mkasi tangu ujana wake, lililonyanyuka juu ya vichwa vya mji mzima, likakaba. Likafunga kama kitasa chenye kutu. Mkono ukagoma kushuka.

Meya hakujua hayo. Akatuma asali kwanza: "Mzee wangu, mtu mwenye busara kama wewe anafaa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wazee!" Mkono ukabaki juu. Akatuma moto: "Nani kakutuma? Sema! Upinzani?" Mkono juu. Na simu nazo zikaingia vitani. Kabla jasho halijamshuka Nicanor kutoka paji hadi kidevuni, ilikuwa imeenea katika makundi yote ya mtaa kwamba analipwa na nchi ya kigeni, kwamba anagombea umeya, kwamba amefariki, na kwamba mkono ule unaoonekana katika picha si wake.

"Nimefariki?" Nicanor akauliza.

"Wanasema mazishi ni kesho," Mireya akamjibu, akitazama simu. "Simama wima, wanakupiga picha."

Hapo Fello akainuka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, kwani mwanawe alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kumwendesha meya.

"Swahiba," akanong'ona, "watasema mimi ndiye niliyekutia maneno. Kijana atafukuzwa. Shusha, nakuomba."

"Haushuki, Fello. Bega limekaba."

Fello akapumua kama mtu aliyetolewa mtoni. "Kumbe bega! Si useme! Jamani, ni bega! Bega la mzee limekaba!"

"Ni bega!" meya akadaka, na shaba ikairudia sauti yake. "Ni ugonjwa, ndugu zangu, si upinzani! Tumpe pole mzee wetu. Fello, msaidie kuushusha. Basi, kwa kauli moja, hoja im—"

Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo vita vilipoamuliwa, si pale mkono ulipopanda. Kwani mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango palikuwa na pole, supu na amani. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoifanya Nicanor Tavárez maisha yake yote kwa ustadi usio na mfano. Vidole vya Fello vilikuwa vimeshagusa kwapa lake.

"Uache," Nicanor akasema.

"Lakini bega—"

"Bega limekaba lenyewe. Mkono niliuinua mimi."

Nyuma ya ukumbi sufuria lilisikika likitokota. Katibu wa baraza, aliyekuwa amesinzia katika mikutano yote tangu ateuliwe, akafungua macho, akamwinamia meya na kumnong'oneza kile ambacho sheria ya mji ilisema na hakuna aliyewahi kukihitaji: ardhi ya umma haiguswi papo hapo iwapo yupo mpingaji hata mmoja, sharti hoja isogezwe wiki moja, na wananchi waelezwe.

"Waelezwe nini?" meya akauliza.

"Sijui, mheshimiwa. Haijawahi kutokea."

Dakika zile mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Fello akautazama, akamtazama meya, akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni na funguo za gari. Kisha akaingiza kiganja chake chini ya kiwiko cha Nicanor, akakishikilia.

"Mimi sipingi, jamani," akatangaza kwa ukumbi wote, jasho likimtiririka. "Nimemshikia mgonjwa kiwiko tu."

Na hivyo ndivyo meya wa Villa Cayetana, mkata utepe asiyechoka, alivyotamka kwa kinywa chake, huku meno yameumana, kwamba hoja imesogezwa hadi Alhamisi ijayo.

Supu ikapakuliwa hata hivyo, maana mpishi hakuwa na pa kuipeleka. Nje, kwenye ngazi za baraza, Mireya alimkalisha mumewe, akampaka bega mafuta ya mchaichai, akalikanda huku akimtukana kwa mapenzi, mpaka likalia ko! na mkono ukamwangukia pajani.

"Haya, bwana mpinzani," akasema. "Huu umekwisha. Alhamisi ijayo utanyoosha nini?"

Nicanor akajaribu vidole vyake, kimoja baada ya kingine.

"Wa kushoto," akasema.

Basi na itangazwe katika vibanda vyote, kwa vinyozi na kwenye foleni za maji: mji uliotawaliwa na wengi na kuwaitikia wote, siku ile ulisema hapana kwa mara ya kwanza, nayo ikadumu wiki nzima! Yako mageuzi yaliyoimbiwa nyimbo za taifa ambayo hayakufika Jumatatu. Na jioni ile umeme ulipokatika kama kawaida, watu walitoka na mito yao wakaenda Las Mercedes, wakamwachia Nicanor benchi zima, lakini yeye akakaa pembeni, akampisha Yaritza alale.