Mlinzi wa Seva ya Rivière-Brune

Jumatatu, 13 Januari

Clémence ameota jino. Mimi nimeota mifuko miwili chini ya macho. Mume wangu Réjean karudi mgodini, simwoni tena mpaka wiki mbili ziishe. Baridi ya kukata masikio.

Na nafasi ni moja! Kituo cha watoto cha Bi Ouellette kina nafasi moja tu ya mtoto mchanga, na wachanga wanaoitaka ni wawili. Duka la vifaa vya ujenzi wameshaniambia: Februari urudi kazini, la sivyo tunatafuta mwingine. Bila nafasi hiyo nimlaze wapi mwanangu, kwenye rafu ya misumari?

Usajili ni Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenye tovuti, kila mzazi aingie kwa neno lake la siri. Anayewahi ndiye. Nimemkumbusha Bi Ouellette, kwa upole, kwamba ile seva ya kituo iliyoko stoo, kompyuta inayobeba tovuti, nailinda mimi, bure, tangu nikiwa na mimba. Akasema asante sana mwanangu, na mimi sihongwi kwa nyaya.

Mshindani wangu ni jirani, Gaétan Brisebois, baba wa Loïc. Naye hutusaidia na seva. Akiikosa nafasi, mama mkwe wake atahamia kwake, kwa hiyo namwelewa. Lakini ana maringo! Kuna mtandao ambako walinzi wa seva duniani huripoti anwani za kompyuta zinazoshambulia seva za watu, na anayeripoti hupewa ngao. Jina lake huko lina ngao ya fedha. Langu halina hata kifungo. Leo kaniuliza: vipi dada Noémie, bado unafukuza nzi?

Jumanne, 14 Januari

Nina mpango!

Gaétan ana vidole kama soseji. Hajawahi kupatia neno la siri mara ya kwanza. Zamani seva ilivumilia makosa matano. Kuanzia leo, kosa moja tu: anwani yako inafungiwa, inaripotiwa, kwaheri. Usalama kwanza! Vidole vya Gaétan vikijifungia nje Ijumaa, hayo ni ya Mungu na mitambo.

Nimetega na mtego. Kila neno la siri linalokosewa linaandikwa, nilione.

Dhamiri ilinichoma kidogo wakati wa kumlisha Clémence uji wa shayiri. Akanitemea wote usoni. Nikahesabu kwamba nimeshaadhibiwa.

Jumatano, 15 Januari

Nimenasa jambazi!

Clémence alikuwa amelala chumbani. Mimi jikoni, namwangalia kupitia ile kamera ya watoto niliyoipata kwenye mnada wa kanisa. Kamera nzuri, ila siku hizi ina joto na taa yake haitulii. Imechoka, maskini, kama mimi. Mara seva ikanitumia ujumbe. Anwani moja imekosea neno la siri, imefungiwa, na bado inagonga. Inagonga! Haina haya!

Nimeiripoti kwa maneno mazito. Nimeandika: huyu hana mama.

Mchana ngao ikaja. Ya shaba! Nikamwonyesha Gaétan juu ya uzio. Akasema hongera dada, ya aina hiyo mimi nilipewa kabla sijaota ndevu. Wivu mtupu.

Alhamisi, 16 Januari

Tovuti ya kituo haifunguki kwangu. Theluji, bila shaka.

Bi Ouellette kapiga simu kutoka nyumbani kwake, kwake pia haifunguki. Nikamtuliza. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya ulinzi mzuri, bibi: kumetulia.

Ijumaa, 17 Januari

Saa tatu. Haifunguki! Nikamvika Clémence kila nguo aliyonayo, nikamfunga kwenye kigari cha theluji, nikakimbia.

Wazazi wote wako mlangoni, waliokuja kuhuisha majina ya watoto wao wakubwa. Kila mmoja analia lile lile: nimefungiwa. Gaétan keshaingia stoo, kalala kifudifudi chini ya rafu, miguu nje. Kutoka huko chini sauti yake ikauliza ni nani mwenye akili aliyeweka kosa moja. Mimi nikawa naikagua glavu ya Clémence.

Kisha akaeleza. Kampuni yetu ndogo ya mtandao inautoa mji mzima kwa mlango mmoja. Kwa dunia, sisi sote ni anwani moja. Ukimfungia mmoja umewafungia wote. Na aliyeripotiwa Jumatano ni sisi.

Kwa hiyo dunia nzima inajua sasa kwamba Rivière-Brune haina mama.

Bi Ouellette alikuwa amechoka na kompyuta. Akatangaza usajili ni hapa hapa, kwa mkono. Nani anataka nafasi ya mtoto mchanga? Nikainua mkono. Chini ya rafu ikasikika: na mimi! Bi Ouellette akasema yeye anahesabu mikono, miguu haihesabiwi.

Nafasi ni ya Clémence! Sijui kwa nini nimerudi nyumbani kichwa chini.

Jumapili, 19 Januari

Nimeshindwa kuvumilia. Nimempelekea Gaétan pai ya sukari. Mlango kaufungua mama mkwe. Keshafika, keshahamisha sufuria zote. Nikakiri pale pale, koti mwilini: lile kosa moja lilikuwa kwa ajili ya vidole vyako. Gaétan kacheka mpaka Loïc naye kacheka. Akasema dada, hilo hata mbwa wangu alilijua.

Akaja kwangu kumtafuta jambazi. Hakuhangaika sana. Ni kamera! Ilikuja na neno la siri la kiwandani, sikulibadilisha, wahalifu wakaingia. Ikawa inagonga milango ya seva za watu huku inamtazama mwanangu akilala.

Nimeitupa kwenye theluji. Mchana wote nimekaa kando ya kitanda chake, mkono juu ya tumbo lake.

Gaétan kaniapisha: rudisha makosa matano, badilisha kila neno la siri ulilonalo, na kabla ya kumripoti mtu, uliza kwanza ni nani. Nimeapa.

Jumatatu, 3 Februari

Clémence kaingia kituoni bila hata kugeuka nyuma. Nimelia kidogo mlangoni, machozi yakaganda. Msaidizi kasema Bi Ouellette ana mafua, leo anafanyia kazi nyumbani. Maskini.

Nipo dukani, nyuma ya misumari. Jana nilitimiza kiapo: nimebadilisha kila neno la siri, hata la seva ya kituo. Jipya, gumu, na sijamwambia mtu yeyote. Siri ni siri.

Na asubuhi hii hii mtego umenasa! Mtu anajaribu kuingia kwa neno la zamani. Mara mbili! Halafu akajaribu "Ficelle". Halafu "Ficelle" na alama ya mshangao. Ficelle ni paka wa Bi Ouellette! Jambazi huyu anajua mpaka paka!

Anwani yenyewe naiona kama nimewahi kuiona mahali. Wahalifu wana tabia ya kurudi. Sikungoja kosa la tano. Nimeifungia, nimeiripoti, nimeongeza maneno mazito kuliko ya mwanzo.

Ngao ya fedha! Gaétan ataniambia nini leo?

Simu inaita. Bi Ouellette. Mgonjwa, na bado kakumbuka kunishukuru!