Mita Kumi na Moja hadi kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Novemba 1971

Barua imefika kutoka Luhwindja kwa mkono wa dereva wa lori la mihogo. Mama mkwe anakuja Ijumaa! Anakuja kumsaidia Euphrasie, mke wangu, anayejifungua mwezi ujao. Jina la mama mkwe siliandiki, hata humu asimosoma mtu. Adabu ni adabu.

Ananishukuru kwa gesi niliyomwekea kwenye aneksi.

Gesi ipi? Ndiyo, mwezi wa tisa nilimwandikia hivyo. Moshi wa makaa unamfunga kifua, na alikuwa ametangaza kwamba bila moto usio na moshi haji Bukavu, na binti yake atakwenda kuzalia kwake. Nikaandika kwamba moto huo upo. Nilidhani nina muda. Ukweli ni kwamba chupa ya gesi imesimama nje ya ukuta wa jiko letu na inalisha jiko letu tu. Aneksi iko nyuma, mita kumi na moja, na humo wanaishi buibui. (Wazungu waliiita boyerie, yaani nyumba ya boi. Neno hilo nimelipiga marufuku hadi mgeni aondoke.) Na ni lazima akae huko. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawaangaliani usoni, hawasemezani.

Euphrasie amesema kwa upole, na ndipo nilipoogopa: "Papa Colombe, kama hakuna gaz, miye narudia na mama mu camion ileile."

Colombe wetu alizaliwa Luhwindja. Nilimwona akiwa na miezi mitatu, naye aliponiona alilia kama ameona mpiga sindano. Iliniuma. Inaniuma bado. Huyu wa pili nataka kumsikia mwenyewe akilia mara ya kwanza.

Jumanne, 9 Novemba

Nimemuuliza jirani, Papa Venant, kijuujuu tu, juu ya ua wa miti. Zamani alikuwa akitengeneza majiko ya gesi ya wazungu, na hadi leo anatembea kama yeye ndiye aliyeivumbua gesi. Akasema kazi hiyo inataka bomba la shaba na fundi. Au, akasema, achukue tu chupa yake ndogo ya akiba, aiweke aneksi, mambo yaishe leo.

Nimekataa. Mtaa mzima ungejua kwamba mama mkwe wangu anapikia gesi ya Venant. Nikamwambia nina mpango wangu.

Sina mpango.

Jumatano, 10 Novemba

Nina mpango!

Kazini wiki mbili sasa tunakata jina la zamani la nchi kwa kalamu kwenye kila fomu na kuandika Zaïre juu yake. Leo nilipoinua macho kupumzisha mkono nikaona, uani, mpira wa kumwagilia maua. Mvua ya Novemba inamwagilia yenyewe. Nimeuazima bila kumsumbua mkuu kwa maombi.

Una mita tisa. Mbili zilizobaki nimeziunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli na waya. Saa kumi na moja jioni nimewasha kiberiti aneksi, kwenye jiko dogo nililoliunga mwishoni, na moto umetokea. Wa buluu! Nimebaki mdomo wazi. Sikutarajia kabisa.

Euphrasie akapiga kelele kutoka jikoni kwamba moto wake umekuwa mdogo kama wa mshumaa na ndizi hazichemki. Nimemweleza kwamba wanawake wawili wenye akili hawawezi kukosa kupeana zamu.

Alhamisi, 11 Novemba

Venant ameona. Aliinama juu ya ua, akanusa hewa, akaniambia nipitishe maji ya sabuni kwenye viungo. "Gaz haiko maji, papa. Utatuunguza siye wote." Nilisubiri aondoke, nikapitisha sabuni. Mapovu yakatoka mpira mzima, ungesema nafua shati. Nimeongeza vipande vya mpira na waya. Mapovu yamepungua sana.

Kisha nimeuzika mpira wote ardhini ili Venant asipate cha kutazama. Udongo nimeulainisha vizuri kutoka jikoni hadi aneksi. Hakuna atakayejua kuna kitu chini. Najisifu kidogo.

Ijumaa, 12 Novemba

Amefika! Nilijificha chumbani nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Nilisikia lori, vicheko, kuku. Halafu harufu ya chai kutoka aneksi, na hakuna aliyekohoa.

Euphrasie ameniletea salamu. Mama amesema: "Huyu mukwe wetu, kumbe iko mutu." Nimeketi kitandani na machozi yamenitoka, siyafichi. Mtoto atazaliwa hapa.

Jumamosi, 13 Novemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Mchana nilirudi nyumbani kutoka kazini. Euphrasie na Colombe walikuwa sokoni. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe ameshika jembe! Maharagi yake yalikuwa yanachemka aneksi juu ya gesi, na yeye, mwanamke wa shamba asiyejua kukaa bure, alikuwa ameona udongo laini niliouchimba na kuuandaa. Alikuwa analima tuta, akija hatua kwa hatua kuelekea mpira.

Kumwita siwezi. Kutoka mbele yake siwezi. Nikamwita Venant dirishani amwambie. Venant akasema subiri avae shati, hawezi kusimama tumbo wazi mbele ya mama wa watu.

Nikakumbuka njia ya wazee, kusema na mwingine ili mkwe asikie. Kulikuwa na kuku. Nikasema kwa sauti: wewe kuku, usilime hapo, hapo pabaya sana.

Mama mkwe akasimama. Akageuza uso pembeni kwa heshima kubwa, akamwambia kuku: "Kuku, uambie mwenye nyumba aksanti sana. Amenitengenezea shamba."

Akashusha jembe.

Fsss. Harufu! Sijui nini kiliniingia. Nilifunga pazia kichwani nisimwone, nikatoka mbio kwenda kuzima moto aneksi. Sikuona njia. Nilimgonga. Tukaanguka wote wawili ndani ya tuta, pazia likatoka, na tukatazamana uso kwa uso, pua kwa pua, mimi na mama wa mke wangu.

Venant, akiwa na shati, vifungo vyote, alipita mlango wa ua na kuzungusha robine, ile koki ya chupa, mara moja. Ikaisha. Chupa ilikuwa hatua mbili kutoka mlango wangu. Sikuifikiria kabisa.

Euphrasie alitukuta bado tunajipangusa. Akaanza kufunga mizigo yake.

Jumapili, 14 Novemba

Baada ya misa Euphrasie na mama yake wamekaa, mimi nikiwa nimesimama. Nilijua kila kitu kimekwisha. Mama mkwe akasema aibu kama hii huoshwa kwa mbuzi. Mbuzi ametoka. Kisha, akinitazama moja kwa moja, kitu ambacho bado kinanishtua, akasema: "Basi tumeonana. Haya imeisha. Miye sitoki, mutoto atazaliwa hapa."

Hapa! Nilitaka kumkumbatia Venant, nikajizuia.

Ila sasa, kwa kuwa tumeonana, akasema haoni sababu ya kukaa na buibui. Anahamia nyumba kubwa, karibu na binti yake. Nyumba ina vyumba viwili tu, na kimoja ni cha Colombe.

Jumatatu, 15 Novemba

Naandika nikiwa boyerie.

Jikoni kwetu wanacheka, Venant yupo anaelezea gesi, na chai yangu inafika imepoa, mita kumi na moja ni mbali. Lakini mtoto akilia nitasikia, nimejaribu kwa kumwambia Colombe apige kelele.

Kazini wanauliza mpira. Nimesema nautafuta. Vipande vyote viwili viko chini ya kitanda changu, na waya umebaki. Kosa lilikuwa kuupitisha ardhini, nimeliona sasa. Kutoka jikoni hadi hapa kuna kamba ya nguo. Hakuna mtu anayelima hewani.