Ombi la Kumfukuza Shule Mama Yangu Mzazi

Kwa Mwalimu Mkuu,
Ofisi ya pili kulia, ukipita bomba la maji.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

YAH: KUFUKUZWA SHULE KWA MAMA YANGU

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Najua una wanafunzi mia tisa na ushee, na paa la darasa la nne linavuja, kwa hiyo sitakuchosha. Kichwa cha barua hapo juu hakikukosewa. Naomba umfukuze shule mama yangu.

Yumo katika darasa la watu wazima, lile linalokaa asubuhi kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Ni yule wa dawati la mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Kama bado humkumbuki, ndiye kiranja wao.

Kabla hujaniweka kwenye kundi la watoto waliokosa radhi, naomba unisikilize hoja kwa hoja. Nimezipanga kwa namba, maana huko kazini kwangu kitu kisicho na namba hakitoki getini.

1. Namna alivyoingia shuleni. Siku ya kuandikisha nilikuja na mwanangu, ambaye nyumbani tunamwita Diwani kwa sababu hutembea mikono ikiwa nyuma na kukagua kila kitu. Mama nilikuja naye ili amshike Diwani wakati mimi nimepanga foleni. Nilipofika dirisha la kwanza, karani wako alitazama cheti cha mtoto akaniambia umri haujatimia. Nikabishana naye kwa heshima, kama dakika ishirini hivi. Wakati huo mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha la pili, mjukuu mapajani, na karani wa dirisha hilo akamuuliza kama na yeye amekuja kujiandikisha. Mama yangu hajawahi kutoka mahali mikono mitupu. Harusini hurudi na maua, hospitali hurudi na vidonge ambavyo si vya ugonjwa wake. Akajiandikisha. Nilikuja na mtoto wa kuandikishwa na mlezi wa kumshika. Nikaondoka na mtoto wa kushikwa, pamoja na mwanafunzi.

2. Suala la umri. Kanuni yenu inasema mtoto wa awali awe ametimiza miaka mitano siku shule inapofunguliwa. Diwani siku hiyo alipungukiwa na siku kumi na moja. Leo ana miaka mitano na wiki saba, anafunga vifungo vyake mwenyewe, lakini kwenye daftari lenu bado hajatimiza, maana siku ya kufungua shule imeshapita na hairudi. Ataanza mwaka ujao, akiwa na miaka karibu sita na ndevu. Mama kwa upande wake ana miaka sitini na saba, au sitini na tisa. Cheti hana. Alichomweleza karani ni kwamba alizaliwa wiki waliyoezeka nyumba ya shangazi yake, na karani akaandika. Mwalimu, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ninyi mbichi mmemkataa, mmemchukua mkavu, na cha kusikitisha zaidi ni kwamba anakunjika.

3. Nani amshike mtoto. Kabla ya haya, mama ndiye aliyekuwa akimshika Diwani kutwa nzima, na hakuna aliyelalamika. Mke wangu ni nesi. Akiwa zamu ya mchana hayupo. Akiwa zamu ya usiku, asubuhi yupo lakini amelala, na mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa nyumba moja na mtu aliyelala. Nilikwenda kwenye kituo cha kulea watoto pale kona. Mama mwenye kituo alinionyesha orodha ya wanaosubiri nafasi. Wengine kwenye ile orodha hawajazaliwa. Nikamwomba jirani yetu, fundi cherehani, mwanamke mwenye subira ya kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Alikaa naye siku tatu. Siku ya nne alinirudishia mtoto pamoja na suruali ya mteja wake, yenye mguu mmoja, akasema hanidai kitu ila tusizoeane.

4. Kazi yangu. Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro, kitengo cha ukaguzi. Kila godoro linalotoka linapita mikononi mwangu: nabonyeza pembe nne na katikati, napima unene, nagonga muhuri. Kwa kuwa sikuwa na pa kumwacha mtoto, Jumatano ya wiki iliyopita nilikwenda naye. Alikaa vizuri mpaka saa tatu. Saa tatu na nusu simwoni. Alikutwa juu ya lori la mzigo, amelala kwenye godoro la futi sita kwa tano, na kwenye paji la uso ana muhuri wa DARAJA LA KWANZA, ambao nakiri aliugonga mwenyewe. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Meneja amenipa barua ya onyo kwa kosa la kupitisha mzigo usio wa kiwanda. Ni onyo la pili. La kwanza lilikuwa la kuchelewa, nalo pia lilitokana na shule yako. Kwetu onyo la tatu halina maandishi, unaonyeshwa geti. Mwalimu, nikifukuzwa pale sina kazi nyingine ninayoijua. Nimebonyeza magodoro miaka kumi na miwili.

5. Hali ya nyumbani. Tangu mama aanze kusoma, nyumba yetu haina siri. Anasoma kila kitu. Anasoma pakiti ya chumvi, anasoma kikasha cha dawa ya mbu, anasoma tangazo la kutafuta mpangaji lililobandikwa kwenye nguzo mpaka watu wanadhani anahama. Barua yangu ya onyo nilikuwa nimeificha chini ya redio, nikisubiri siku nzuri ya kumwambia mke wangu. Mama aliiona, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mezani, silabi kwa silabi, na nesi yupo. Sikujua kwamba neno uzembe linaweza kuchukua muda mrefu namna ile. Alipofika mwisho alirudia kutoka juu, kwa sababu mwalimu wao amewaambia warudie.

Na si hilo tu. Jioni anataka meza yote kwa ajili ya kazi zake, na sisi wengine tunakula tumepakata sahani. Mimi nimeshatumwa kuosha vyombo mara nne kwa maelezo kwamba yeye ana mtihani na mimi sina.

6. Kunigeuza mzazi. Daftari la mama linataka saini ya mzazi au mlezi kila Ijumaa. Wazazi wake wote wawili tumeshawazika, kwa hiyo nasaini mimi. Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye kikao. Nilimwomba meneja ruhusa, na kwenye fomu, sehemu ya sababu, ilinibidi niandike kwamba mama yangu anaongea darasani. Meneja aliisoma fomu ile kwa muda, kisha akaniuliza kama nyumbani tuko salama. Kwenye kikao mwalimu wao aliniambia mama ana bidii, ila anawapa wenzake majibu. Nilikaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kifuani, nikaahidi kwamba nitaongea naye. Sijaongea naye. Utaanzia wapi?

7. Hatari kwa taifa. Hili naliandika si kama baba bali kama raia. Mama alipoanza kusoma gazeti kibarazani, mabibi wa mtaa wetu waliona. Wanne wameshajiandikisha kwako. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa akishika wajukuu watatu na mtoto wa jirani. Mwenye mguu mbovu, ambaye alikuwa akishika mapacha, sasa anaondoka saa mbili kasoro na begi mgongoni na mguu haumuumi tena. Mtaa mzima umebaki na wazazi waliosimama milangoni na watoto mikononi, wakitazamana. Fundi bomba haendi kazini, maji yanamwagika. Mpishi wa kantini haendi, wafanyakazi hawali. Mimi nikiondolewa, magodoro yatatoka bila kubonyezwa, na ndani ya mwaka mmoja watu watakuwa wanaamka na migongo imepinda, wanakwenda hospitali, wanamkuta mke wangu hayupo kwa sababu naye amebaki na mtoto. Nchi haiwezi kuendelea ikiwa mabibi wote wanajua kusoma.

Najua utaniambia elimu haina mwisho. Nakubali. Ila zamu yangu ina mwanzo, nao ni saa moja kamili asubuhi.

Basi ninachoomba ni hiki: mama afukuzwe, kwa heshima zote, ikiwezekana na cheti. Nimejaribu kukutafutia kosa la kumfukuzia na nimeshindwa. Hachelewi, sare anapiga pasi mwenyewe, na kuwapa wenzake majibu nadhani mkimuuliza atasema ni ukarimu. Kwa hiyo nashauri mtumie kigezo cha umri, kile mlichotumia kwa mjukuu wake, ila mkigeuze. Ikiwa kumfukuza haiwezekani, asimamishwe mpaka Diwani aanze shule. Na hilo likishindikana, naomba nafasi yake apewe mtoto. Kiti kitakuwa kimebaki ndani ya ukoo, na dawati halitajua tofauti, kwa sababu wote wawili miguu haifiki chini.

Usidhani simpendi mama yangu. Nampenda sana. Mimi nimesoma kwa sababu yake. Alikuwa hajui hata herufi moja, lakini kila jioni alikagua madaftari yangu kwa kuhesabu alama za vema. Zikipungua, nilikuwa naulizwa. Darasa la tano nilinunua kalamu nyekundu, nikawa najitilia vema mwenyewe, na mwaka ule alinisifu kwa majirani wote. Madaftari hayo bado anayo kwenye sanduku lake. Juzi ameniuliza ufunguo wa sanduku uko wapi. Sitaki useme kwamba hii ndiyo sababu ya barua yangu, lakini sitaki pia kukuficha.

Naomba jibu mapema, kwa kuwa hii ni barua yangu ya sita kwako tangu shule ifunguliwe, zote za kupigwa chapa, na tano za kwanza sijui ziliishia wapi.

Wasalimie walimu wote, hasa yule wa darasa la watu wazima, ambaye sina ugomvi naye ila amefundisha kupita kiasi. Msalimie karani wa dirisha la kwanza, na wa dirisha la pili mwambie asiwe mwepesi wa kuuliza watu maswali. Mlinzi wa getini pia, aliyemruhusu Diwani kukagua filimbi yake.

Nabaki kuwa mzazi wa mtoto mliyemkataa, na mtoto wa mwanafunzi mliyemkubali,

Mkaguzi wa Magodoro.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii nikaenda kutafuta bahasha kwenye begi la shule la mama, maana siku hizi vifaa vya kuandikia vyote viko kwake. Humo nimekuta bahasha yenye muhuri wako, imeandikwa kwa Mlezi. Imekaa humo tangu juzi; mama anasema alikuwa anasubiri nipunguze hasira. Mwalimu, unasema humo kwamba umepokea barua ya mwanafunzi wa darasa la watu wazima, ya penseli, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na kwamba uliisoma mbele ya walimu wote. Umeinakili kwa ajili yangu, nami nainakili tena ili nihakikishe nimeona sawasawa:

"Mwanangu ana kazi nzuri. Wanataka kumfukuza kwa sababu ya mimi kusoma. Naomba mjukuu akae darasa la awali, nitakuja naye na kuondoka naye. Siku kumi na moja ni chache. Mimi nimesubiri miaka sitini."

Na unasema kwamba Diwani aje Jumatatu.

Kwa hiyo naomba hoja zangu zote saba uzifute, na mama usimfukuze. Ningeichana barua hii, lakini wakati mimi nasoma yako yeye alikuwa ameshaikunjua yangu. Amechukua karibu saa nzima kuisoma, amecheka mara moja tu kwenye lile la mguu mbovu. Alipomaliza ameniambia ipelekwe hivihivi, mwalimu ajue mwanafunzi wake anaishi na watu gani. Nimeona aibu, na naiandika hapa kwa sababu kumwambia ana kwa ana nimeshindwa.

Limebaki ombi moja. Ile karatasi ya penseli, mkishamaliza kuiweka kwenye faili mnavyotakiwa, naomba mnirudishie yenyewe, si nakala. Ni barua ya kwanza mama yangu kuandika, na mimi sina maandishi yake mengine.