Rangi Inajijua

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amejipata. Kajitangaza mwenyewe mezani, kijiko mkononi. Nikamwuliza kwani alikuwa amepotelea wapi, maana mimi namwona humu ndani kila siku. Hakucheka. Zamani angecheka.

Aliyemsaidia kujipata ni kaka yake, shemeji yangu, kinyozi. Kinyozi! Chumba cha nyuma cha saluni ametandika mkeka, kaweka mshumaa na makopo ya rangi, na jioni anafundisha watu kuchora kwa roho. Unafumba macho, unapumua kwa pua, unasubiri mkono usogee wenyewe. Kitakachotoka ndicho wewe.

Mimi ni fundi rangi. Nimepaka kuta tangu ujana, na hakuna ukuta hata mmoja ulioniambia mimi ni nani. Ukuta husema jambo moja tu: bado mkono wa pili wa rangi.

Jumamosi wanafunzi wataonyesha picha zao. Ya mke wangu ni ya yule anayemwona akifumba macho. Ameificha chini ya kitanda. Nilichungulia. Kuna ukuta, ngazi, dirisha na nafasi tupu. Mimi simo. Niliumia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: niliumia sana.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango! Nafungua darasa langu barazani. Kama kinyozi ana wanafunzi, fundi wa kweli atawakosaje? Mke wangu atahamia kwangu, atafumba macho, atamwona mtu anayestahili kuonekana.

Nimeandika kibao kwa mkono wangu mwenyewe, herufi nyekundu: PAKA KWA ROHO. HUDUMA KWA WALIOPOTEA. INGIA.

Mke wangu alikisoma akiwa na ndoo mkononi, akashauri niongeze neno "rangi". Nikamfahamisha kwamba sisi mafundi tukisema paka, tumemaliza. Rangi inajijua. Akatikisa kichwa, akaenda kumwaga maji. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Mwanafunzi wa kwanza! Mama mnene, mpole, amebeba kikapu. Nikafurahi, mtu kaja na vifaa vyake. Kikapu kikalia nyau.

Mama Kikapu alieleza kwamba paka wake amepotea. Nikamwonyesha kwamba yumo kikapuni. Akasema mwili umo, roho ndiyo haimo. Anakula, analala, lakini hamtazami tena. Sasa amesoma kibao, ameona nahudumia paka kwa roho, naye yuko tayari kumwacha hapa mpaka apone.

Nikamweleza habari za sanaa na nafsi. Akasikiliza vizuri, akasema sawa, ila nianze na paka.

Mchana akaja bwana mwenye picha ya paka aliyetoroka, akataka nimwite kwa pua. Kuna mtu kamwambia napumua kwa pua. Baada yake mwalimu mstaafu, na paka anayekodolea ukuta macho kutwa nzima. Huyo angalau nilimwelewa. Ulikuwa ukuta uliopakwa vibaya, nina hakika.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu kuchora. Watu wa mtaa huu hawajui kusoma.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu lazima awe na kazi yake ya kuonyesha. Nikachukua ubao mpana, nikafumba macho, nikapumua kwa pua. Mkono ukasogea wenyewe! Ukaanza juu kushoto, ukashuka taratibu, ukarudi juu. Nikafumbua macho. Nimepaka ubao wote mweupe, mikono miwili, bila alama ya brashi. Kazi safi kabisa, ila si nafsi.

Nikafumba tena. Usingizi ukanipitia.

Nikashtushwa na kishindo. Paka wa Mama Kikapu kaangusha kopo la bluu, kakanyaga ubao, kauzunguka na kuuzunguka akitafuta mlango. Nikamfukuza. Halafu nikatazama.

Lo! Kuna huzuni pale. Kuna safari. Nikaweka sahihi yangu chini.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapita. Kasimama mbele ya kibao, akaniuliza kwa heshima zote kama napokea na mbuzi. Kesho ataisoma nafsi yangu ukutani mwake.

Jumamosi, 8 Machi

Saluni ilijaa. Picha za wanafunzi: jua, jicho, jua jingine, kitu ambacho mwenyewe alisema ni uchungu wa mama yake na mimi niliona birika. Yangu ikatundikwa katikati.

Shemeji akaikaribia, machozi yakamlengalenga. Akasema hapa kuna mtu anayezunguka maisha yake yote akitafuta mlango. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeteseka. Tamu hiyo!

Mama Kikapu akaingia, paka mikononi, kamchukua barazani kwangu. Nyayo zake zote nne bado bluu. Watu wakamtazama paka, wakatazama picha, wakanitazama mimi.

Mke wangu akacheka. Akacheka mpaka akashika kiti cha kunyolea. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha, maana kicheko kile nilikikosa kwa muda mrefu.

Halafu ikafunuliwa picha yake. Nafasi tupu imejazwa. Kuna mwanamume juu ya ngazi, amekipa chumba mgongo, anapaka ukuta. Ovaroli ya kijivu. Utosini, kwa nyuma, kipara chenye umbo la yai. Watu wakapiga makofi.

Nikamwuliza huyu ni nani.

"Ndiye ninayemwona nikifumba macho," akasema. "Kila siku ananipa mgongo. Nasubiri ageuke."

Kipara! Mimi nina nywele. Nazichana kila asubuhi mbele ya kioo, naziona zote. Shemeji akanisihi nikae kwenye kiti chake dakika moja tu, anionyeshe kitu kwa vioo viwili. Nikakataa. Tangu aanze unabii najinyoa mwenyewe. Nikatoka, na ubao wangu kwapani.

Jumapili, 9 Machi

Sasa naelewa kila kitu. Kuna fundi mwingine. Ana kipara, ana ngazi, na ameniiga mpaka ovaroli. Mke wangu anamsubiri ageuke! Na mimi nimekaa hapa nalisha paka.

Chai aliniletea mwenyewe, akaketi karibu, akanigusa kisogo kwa kidole, polepole. Nikamwambia asinisumbue, nafikiri.

Jumatatu, 10 Machi

Kibao kipya: NATAFUTA KIPARA. ANAYEKIJUA AINGIE.

Mke wangu alikisoma, akashauri niongeze neno "changu". Nikamwambia kama kawaida yake hajaelewa.

Mama Kikapu alikuja kumshukuru daktari, paka wake sasa anamtazama. Akasoma kibao. Akazunguka nyuma yangu, akaniuliza kwa upole kama nimetafuta huku nyuma. Nikamjibu nimeshatafuta, mbele na nyuma, nyumba kwa nyumba. Watu wa paka wana shida.

Mke wangu yuko dirishani, anacheka tena. Acha acheke. Huyo mtu nikimkamata, atanitambua mimi ni nani.