Bosi wa Syombua Yuko Denmark

Jumatatu, 3 Machi
Daftari hili nimepewa na binti yangu Syombua. Ati niandike mambo humu badala ya kumwambia jirani. Sawa.

Miaka mitano alikaa Denmark, kazi ya bima. Desemba akarudi hapa Gatuanyaga na kazi yake ndani ya kompyuta. Bosi, Lars, alimpa miezi mitatu ya kujaribiwa. Ijumaa hii ndiyo mwisho. Lars akiridhika, mtoto anakaa. Asiporidhika, arudi kwa theluji, nami nirudi kumwonyesha paji la uso kwa simu ya video.

Nimeomba Mungu. Lakini mama lazima asaidie pia.

Jumanne, 4 Machi
Waceke, jirani yangu na mwenyekiti wa akina mama kanisani, amekuja kuazima ungo. Akachungulia chumbani. Akamwona Syombua juu blauzi ya ofisi, chini leso.

Akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Nikasema yuko kazini. Haiya, kazini na leso! Akasema mtu wa kazi huonekana barabarani na mkoba. Kwamba kuna watoto hurudishwa na serikali za huko, tena tikiti wanalipiwa, halafu mama zao wanaambiwa ni likizo.

Ameenda na ungo. Chai imenishinda.

Jumatano, 5 Machi
Mpango! Nimemwambia Syombua atoke na mkoba saa tatu, apite polepole mbele ya kwa Waceke, azunguke shamba la Mutiso, kisha aingie kwetu kwa ua wa nyuma. Akakataa. Akasema Mwaitu, yaani mama, nina mkutano saa nne. Nikamwambia mimi nina kanisa zima. Akaenda.

Akakutana na ng'ombe wa Mutiso njiani. Amefika saa tano kasoro, vumbi mpaka kwa nyusi. Mkutano umempita. Lars ameandika akiuliza kama kuna tatizo.

Waceke naye hakuwa nyumbani. Alikuwa Thika tangu asubuhi.

Syombua hajanifokea. Hiyo ndiyo mbaya.

Alhamisi, 6 Machi
Kosa ni langu, nitalirekebisha. Nimefikiria sana nikichambua maharagwe. Huyu Lars amemlisha mtoto wangu miaka mitano, na hakuna hata siku moja mzazi amekwenda kumshukuru. Urbanus wa hapa chini alipoandikwa kiwandani, mamake alimpelekea meneja jogoo wiki hiyo hiyo. Lars anatuona watu wa aina gani?

Jogoo hawezi kufika Denmark. Lakini Lars kesho anakuja kwa kompyuta saa tisa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimevaa sare ya akina mama. Jogoo nimemwosha miguu. Nikasubiri nje ya mlango mpaka nikasikia sauti ya mwanamume, nikaingia.

Kumbe si Lars peke yake! Watu kumi na wawili, kila mmoja na kidirisha chake, kama picha za wagombea ukutani. Nikawasalimu wote. Nikamwinua jogoo mbele ya kamera, nikasema Baba Lars, asante kwa kunilelea mtoto.

Syombua akafunika uso. Kisha akatafsiri, maana aliona sitoki. Jogoo akawika. Akawika tena. Mama mmoja wa Denmark akavua vitu vya masikioni.

Lars akauliza jogoo anaitwa nani. Nikasema wa kuchinjwa hapewi jina. Hilo Syombua hakutafsiri.

Jumamosi, 8 Machi
Lars ameridhika! Mtoto anakaa Kenya! Barua iko kwa simu yake. Nimepiga vigelegele mpaka Waceke akatokea, nikamwambia ajisomee mwenyewe.

Akasoma mpaka chini, mahali mimi sikuwa nimefika. Kuna sharti. Syombua asifanyie kazi tena nyumbani kwa mama. Apate ofisi yenye mlango wa kufungika, kampuni italipa. Waceke akasoma hapo mara mbili, polepole, kama matangazo ya Jumapili.

Chumba kimepatikana Ruiru, na nyumba karibu. Anahama kesho kutwa. Amenikumbatia, akasema Mwaitu, nitakuwa nakuja kila Jumapili.

Jumapili moja kwa wiki!

Jumatatu, 10 Machi
Ameenda. Nimeweka sahani mbili, nikarudisha moja.

Adhuhuri nimepigia ile ofisi ya Ruiru. Msimamizi ni bwana mmoja mpole, Kaleli. Nikamuuliza kama wanatafuta mtu wa kufagia na kupika chai. Akasema nafasi ipo, mradi nisisumbue wateja. Nikamwambia mimi huko simjui mtu.

Naanza kesho. Syombua sijamwambia, nataka afurahi ghafla. Saa nne ana mkutano na Lars. Nitaingia na chai.