Tabaka la Itifaki

Wananchi wote wa Nyanda za Juu Kusini wanaarifiwa kwamba, kuanzia mwezi huu, hakuna siri ya umma itakayoingia wala kutoka mahali popote bila kutambulishwa rasmi.

Tangazo hilo lilibandikwa Mbeya mjini, na mwandishi wake, Obeid Mwangomo, alilisoma mara kadhaa akiwa amefunga mikono mgongoni. Lilikuwa limekaa vizuri. Kilichomkera ni jina lake pale chini: Kaimu Mkurugenzi, Wakala wa Siri za Umma. Neno hilo Kaimu lilikuwa limemganda kama kupe. Lilikuwa kwenye muhuri na kwenye sare ya michezo. Matilda, mkewe, akinuna alimwita hivyo hivyo: "Kaimu, chakula kiko mezani." Hata kibao cha mlango wa ofisi Obeid alikuwa amekitengenezesha kwa vipande, KAIMU kikiwa na skrubu zake na MKURUGENZI kikiwa na zake, ili siku ya neema ikifika kile cha kwanza kitolewe bila kukwaruza cha pili.

Neema hiyo ilikuwa mikononi mwa Bodi ya Wakala, Iringa, chini ya mwenyekiti wake, Mama Yusta Kikoti. Na Mama Yusta alikuwa amekubali kuwa mgeni rasmi wa kuzindua mfumo mpya wa Wakala.

Mfumo wenyewe ulikuwa kazi ya Hiral, binti wa mwenye duka la mabati Mwanjelwa. Ilikuwa ni maktaba ya programu za kusimba, yaani kuuvuruga ujumbe hadi usomwe na mwenye ufunguo peke yake. Zahanati moja kule Makongolosi ilikuwa inaungoja kwa hamu. Nesi wa pale, Lea, alitaka kutuma majibu ya wagonjwa kwa daktari Iringa bila kila mwenye simu njiani kujua nani anaumwa nini.

Hiral alipokuja kuueleza mfumo, Obeid alisikiliza kwa utulivu mpaka walipofika kwenye tabaka la kuingiza na kutoa data.

"Hapa ndipo penye utamu, bosi," Hiral alisema. "Injini ya kusimba haijui data imetoka kwenye faili, kwenye mtandao au kwenye simu. Inasoma tu. Ikimaliza, haijui inaandika wapi. Ni kama mashine ya kusaga. Haiulizi mahindi ni ya nani wala kama yametoka Chunya au Mbarali. Unamimina juu, unakinga chini."

Obeid aliweka kikombe chini. "Inapokea mzigo bila kuuliza umetoka kwa nani?"

"Ndiyo uzuri wake."

"Kwa hiyo data ya mkubwa na data ya muuza parachichi zinapita mlango mmoja?"

"Mmoja."

"Bila hata salamu?"

"Bosi, data haisalimii."

"Ndiyo maana nchi haiendelei," Obeid alisema kwa uchungu wa kweli.

Akaunda Kamati ya Ustaarabu wa Data. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikala maandazi, na baada ya maandazi ikakubaliana naye kwa kauli moja. Iliagiza kwamba tabaka liwe na mshereheshaji wake wa ndani. Kila ujumbe utambulishwe kwanza, kwa lugha ya wazi: umetoka kwa nani, cheo chake, unakwenda kwa nani, na aya yake ya kwanza inasemaje, ili mpokeaji ajue aandae heshima ya ukubwa gani. Ujumbe wa wenye vyeo utangulie. Tena, ujumbe wowote ungeweza kuingia, ila usitoke hata mmoja kabla mgeni rasmi hajakata utepe, kwa sababu kitu kilichokwisha kutumika hakizinduliki.

"Bosi, hiyo aya ya kwanza itatoka wazi, haijasimbwa," Hiral alisema. "Tutaumbuka."

"Binti, umewahi kusoma barua ya serikali? Mtumishi wa umma hasemi jambo lolote kwenye aya ya kwanza. Pale ni salamu na pole na majukumu."

Hapo, tuseme haki, Obeid alikuwa sahihi, na Hiral, aliyewahi kufuatilia leseni ya duka la baba yake, alilijua hilo.

"Na majibu ya wagonjwa je?"

"Nayo yaanze na salamu. Ugonjwa si sababu ya kukosa adabu."

Siku moja kabla ya uzinduzi, uliopangwa kufanyika Iringa, Obeid alifunga mlango wa ofisi na kutumia mfumo mwenyewe. Alimwandikia Joachim, Katibu wa Bodi, aliyewahi kulala naye bweni moja shuleni. Kwa kuwa walikuwa wanajuana, hakuhangaika na salamu. Kuhusu agizo la utepe, halikumpitia akilini kwamba linamhusu, maana yeye ndiye aliyelitoa. Akapakia mizigo kwenye gari, akaelekea Iringa akipiga mluzi.

Ukumbi ulijaa. Kusherehesha alipewa MC Yotamu, bingwa wa harusi za Mlandege, mwenye kipaji cha kusoma chochote kinachowekwa mbele yake. Mama Yusta, kilemba cha kijani kichwani, alikata utepe uliozungushiwa kompyuta, na makofi yakalia. Kilichopangwa kufuata ni ujumbe wa nesi Lea.

Hiral akamnong'oneza Obeid. "Bosi, kwenye foleni kuna ujumbe wako wa jana. Kwa cheo, ndio utakaotangulia. Niufute?"

Obeid akawaza kidogo, akatabasamu. "Uache. Aya ya kwanza huwa ni salamu tu. Watu waone siri ya mkubwa inavyolindwa."

Skrini kubwa ikawaka. Yotamu akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, tunaupokea ujumbe wa siri! Umetoka kwa Mheshimiwa Obeid Mwangomo, Kaimu Mkurugenzi! Vigelegele!" Vikapigwa. "Unakwenda kwa Ndugu Joachim, Katibu wa Bodi! Simama, baba, wakuone!" Joachim akasimama nusu. "Na aya ya kwanza inasema hivi: Joachim, yule bibi kizee hasomi makabrasha, anasaini chochote ukikisifia kilemba chake! Gunia la mchele wa Kyela liko kwenye buti! Jina langu liwe juu, hao wengine..."

Yotamu alikuwa mtu wa kusoma kwanza na kuelewa baadaye. Alipoelewa, alikishusha kipaza sauti. Joachim alikuwa ameshakaa, tena chini kidogo ya kiti.

Kisha skrini ikajaa herufi zilizovurugika, mstari baada ya mstari, na ukumbini hakuna aliyeng'amua hata moja. Usimbaji ulikuwa umefanya kazi kikamilifu.

Mama Yusta akanyanyuka, akaweka kilemba sawa, akasalimu kwa Kihehe. "Kamwene."

"Kamwene," ukumbi ukaitikia kwa sauti ya msibani.

"Itifaki imezingatiwa. Mimi bibi kizee hizo herufi za mwisho sijazielewa. Utangulizi nimeuelewa." Akamgeukia Hiral. "Mwanangu, mashine hii bila huyo mshereheshaji wa ndani inafanya kazi?"

"Inafanya, mama. Ndivyo nilivyoitengeneza mwanzo."

"Basi mtoe."

Hiral akabonyeza hapa na pale. Ujumbe wa Lea ukapita skrini ukiwa herufi tupu za vurugu. Daktari aliyekaa mstari wa mbele akaufungua kwa ufunguo wake kwenye simu, akausoma kimya, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna mwingine aliyejua ni wa mgonjwa gani, na ukumbi ulipiga makofi kuliko ulivyopigia utepe.

"Na ule mchele?" Mama Yusta akauliza.

"Upo, mama," Obeid alijibu, jasho likimtoka kwenye baridi ya Iringa.

"Upelekwe jikoni hospitali, kwa wagonjwa. Wasiulize umetoka kwa nani."

Wiki iliyofuata, Bodi ilimtuma fundi Mbeya. Obeid alimkuta mlangoni kwake na bisibisi, akikichokonoa kile kibao. Skrubu zikalegea, kipande cha KAIMU kikatoka bila mkwaruzo wowote, kama alivyokipanga tangu awali. Obeid alishusha pumzi, akainyoosha tai yake. Bodi ni watu wazima, aliwaza, wanajua kusamehe.

Fundi akakitia kile kipande mfukoni, akafuta vumbi la ukutani, kisha akahamishia bisibisi kwenye MKURUGENZI.