Pampu ya Diwani

Jumatatu, 8 Juni 1981

Mpendwa Selpher,

Pampu ya tangi la samaki inalalamika. Niliisikia asubuhi nikifunga kamba za viatu. Ngrrr, kimya, ngrrr. Kama mwinjilisti akisafisha koo kabla ya matangazo. Maji yanapanda kwenye bomba hadi nusu, yanasita, yanarudi chini. Samaki wako Diwani yuko juu kabisa, mdomo wazi. Ulimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haufungiki na hasemi kitu. Leo alionekana ana la kusema.

Ndiye aliyebaki peke yake. Wale wawili walikufa, mmoja Januari, mmoja Machi. Nilikuandikia. (Nilidhani wanapenda ugali.) Mara ya kwanza dada yako Khavere alinyamaza. Mara ya pili alisema tangi lingekuwa kwake Makongeni samaki wangekuwa hai. Jumapili anakuja. Akimkuta Diwani katika hali mbaya, anabeba tangi, samaki na yote. Amekwisha kuwaahidi watoto wake.

Simlaumu. Lakini uliniambia mimi, "Patro, uniangalizie samaki." Hukumtaja Khavere.

Nimechunguza kitaalamu. Nimechomoa waya ukutani, nimechomeka tena. Nimeipiga pampu kofi dogo. Nimeiomba radhi. Hakuna mabadiliko. Uamuzi: ni maji ya mfereji. Siku hizi yana dawa nyingi.

Jambo jingine. Tuna panya! Kile kitambaa chako cha mwisho, ulichokuwa ukilifumia tangi, kilikuwa na safu kumi na mbili za maua. Nimekitandika juu ya kifuniko tangu Pasaka, kama ulivyokusudia. Juzi Jumamosi niliichomoa ile sindano yako ya kufumia iliyokuwa bado imeshika uzi, nikaiweka ndani ya Biblia yako isipotee. Leo nimehesabu safu. Kumi! Panya wa mtaa huu wa Umoja hawana adabu.

Jumanne, 9 Juni

Mpango! Nimechukua pampu ya baiskeli, nikatumbukiza mpira wake majini, nikapiga mara thelathini. Mapovu! Diwani akazunguka kama kijana. Nikapiga thelathini nyingine. Mikono ikaisha nguvu, na grisi ya pampu ikatanda juu ya maji kwa rangi zote za upinde wa mvua. Ilibidi nibadilishe nusu ya maji kwa sufuria. Nilichelewa kazini. Msimamizi aliuliza kwa nini nashika kalamu kama mkongwe.

Kibaya zaidi, Kinyanjui aliniona. Yule fundi wa redio tuliyepakana naye ukuta. Alisimama dirishani na kuuliza kama samaki amepata pancha. Watu wote waliokuwa foleni ya maji wakacheka. Akasema kama nina shida nimwite, jirani ni jirani. Nilimjibu kwa sauti ya kusikika kwamba nimekuwa mtunza stoo ya vipuri kwa miaka kumi na tisa, na pampu si kitu cha kunifundisha. Akasema, sawa Bwana Stoo.

Huyu ndiye aliyekuchekesha mwaka wa sabini na nane hadi ukaunguza chapati. Nilikuwa sebuleni. Nilisikia kicheko, kisha nikasikia harufu. Sijasahau.

Jumatano, 10 Juni

Usiku wote nimefikiri. Ninachohitaji ni ujuzi wa Kinyanjui bila Kinyanjui kujua. Nitampelekea redio, tutazungumza juu ya umeme, nitapenyeza swali.

Redio yetu ni nzima. Nikakata waya wake kwa mkasi wako wa cherehani. Nimeukata mahali palipojificha.

Kinyanjui aliifungua, akatazama, akasema redio hii inaugua mkasi. Akauliza nimegombana na taarifa ya habari au na salamu za wasikilizaji. Nikasema labda ni panya, maana kwetu wapo. Akasema basi ni panya aliyesomea ushonaji.

Akaunganisha waya. Nikapenyeza. Eti, mota inayonguruma bila kuzunguka, huwa ina nini? Akauliza mota ya nini. Nikasema ya binamu yangu. Akasema nimwambie binamu afungue kifuniko cha chini, atazame kile kijiti kinachozungusha panga, ile feni ndogo ya ndani. Mara tisa katika kumi kimezongwa na unywele au uzi. Nikamshukuru kwa niaba ya binamu.

Uzi! Nyumbani kwa samaki uzi utoke wapi? Anaficha siri ya kazi, hakuna lingine. Mafundi ndivyo walivyo.

Kitambaa: safu nane. Nimetega mtego.

Alhamisi, 11 Juni

Mtego umenasa. Kidole changu cha mguu wa kushoto.

Pampu inanguruma tu sasa, maji hayapandi kabisa. Nimerudi kwenye baiskeli, mapigo ishirini asubuhi, ishirini jioni. Diwani hakugusa chakula. Safu sita.

Ijumaa, 12 Juni

Hali si nzuri, mpenzi wangu. Anaegemea kioo kwa ubavu.

Nimekaa naye tangu nilipotoka kazini. Nilikumbuka siku ulipofika na hili tangi, ulilopewa na yule mwalimu mzee wa Parklands uliyemfanyia kazi, aliporudi kwao. Ulilipakata kama mtoto tangu kituoni, maji yakakulowesha hadi kiunoni, na ukakataa nikusaidie kwa kuwa eti ningejikwaa. Nilikuwa nimejikwaa tayari, pale mlangoni, nikikukimbilia.

Nilijiambia lazima nijitayarishe kwa lolote. Mpango wa dharura. Nimechukua karoti nzuri, nikaichonga: kichwa, mkia, mapezi. Ikitundikwa majini kwa uzi, mwanga ukiwa hafifu, na Khavere akikaa mbali karibu na mlango, na asivae miwani...

Nimeitazama kila upande. Inafanana na karoti.

Jumamosi, 13 Juni

Nilimkuta Diwani amelala chini kabisa juu ya mawe. Shavu moja tu lilikuwa likipanda na kushuka, polepole.

Nilitoka na ndara mguu mmoja. Nikagonga kwa Kinyanjui. Alipofungua nikamwambia binamu ni mimi. Akasema alijua. Hakucheka. Alichukua bisibisi tu, na mlangoni kwetu akavua viatu, jambo ambalo mimi mwenyewe nimekuwa nikisahau tangu uondoke.

Alifungua kifuniko cha chini. Akaanza kuvuta. Ukatoka uzi mweupe. Akavuta, ukaja. Akarudi nyuma hadi kabatini akivuta, ukaja bado. Uzi wako, Selpher. Alitazama kitambaa juu ya tangi, akaona ncha inayoning'inia nyuma yake hadi majini, akanitazama mimi. Pampu ilikuwa imekifumua kitambaa, safu baada ya safu, ikajizonga yenyewe.

Nilisema kumbe si panya. Akasema si panya, Bwana Stoo.

Nilidhani ataukata autupe. Aliniambia ninyooshe mikono yote miwili. Akauzungusha juu ya mikono yangu taratibu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kama ulivyokuwa ukinisimamisha Jumapili baada ya kanisa, ukinionya nisipige chafya. Nilisimama wima. Sikupiga chafya. Macho ndiyo yalinisumbua kidogo.

Kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa na sikuweza kutoroka, nilimuuliza juu ya zile chapati. Alikuwa amekuambia mzaha gani? Akashangaa. Alisema siku ile hakusema kitu, alikuja kuazima chumvi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsimulia jinsi nilivyokuja kwenu kuposa nimevaa kiatu cheusi na cha kahawia, na jinsi nilivyomwambia baba yako ndivyo wanavyovaa Nairobi. Alisema ulicheka hadi ukashika ukuta, kisha ukapangusa macho na kusema hata hivyo usingembadilisha mtu yule na yeyote.

Miaka mitatu nimemnunia jirani kwa hilo!

Akachomeka waya. Maji yakapanda, yakageuka, yakashuka kwa ile sauti yake ya zamani. Tulikunywa chai tukitazama. Kikombe cha pili Diwani akatikisa mkia. Cha tatu akapanda juu na kufungua mdomo, hana la kusema. Tukampigia makofi.

Akitoka, Kinyanjui alinisihi sana: nifunge ile ncha fundo, au kitambaa kikae mbali na pampu kabisa. Nilimwambia nimesikia. Nilisikia kila neno.

Jumapili, 14 Juni

Khavere amekuja na kurudi. Bila tangi!

Alivuta kiti hadi kwenye kioo na kumtazama Diwani. Kisha akasema, basi shemeji, umejitahidi. Watoto watakuwa wanakuja kumwona huku huku. Nilijibu kwa heshima kwamba ni suala la uangalizi tu. Karoti aliiona kwenye sahani, akauliza ni sanamu ya nini. Nikasema ni mboga. Akaitia kwenye mchuzi.

Halafu alichukua kitambaa, akakipapasa, akasema huu ni mkono wa dada yangu. Aliomba sindano afunge ncha, dakika mbili tu, kisifumuke tena. Nilifungua Biblia. Niliishika ile sindano. Nikashindwa kumpa. Nilimwambia fundo hufungwa kazi ikiisha, na hii mwenyewe hakusema imeisha. Khavere alisema, shemeji, wewe ni mtu mgumu. Kisha akanishika bega, akauacha mkono hapo kidogo.

Alipoondoka niliona tangi liko uchi. Nyumba nzima ina vitambaa vyako, kiti, meza, redio, na tangi peke yake liko kama limeibiwa. Hungekubali.

Basi nimekirudisha. Usiwe na wasiwasi, safari hii nimefikiri. Kosa lilikuwa namna ya kukitandika. Sasa nimekigeuza, upande wenye ncha umeelekea ukutani, huko nyuma pampu iliko, ambako hakuna atakayeuona uzi wala kuukwaza. Safu tano zimebaki. Zinapendeza.

Pampu imesema ngrrr mara moja, sasa hivi nikiandika. Ni maji ya mfereji, nilijua tangu mwanzo. Kesho nitakwenda mwenyewe ofisi ya maji kulalamika. Na mtego nimeutega upya, maana naona kama safu ya tano imepungua ua moja.

Diwani anakusalimu, mdomo wazi. Nami sina mengi, Selpher. Huko uliko, ukipata nafasi, unikumbuke.

Patro